Kiti Kilichotazama Ukuta

Mpendwa Baba,

Kuna jambo sikuwahi kukuuliza, na sasa hupo wa kuulizwa. Ulipoutazama ule ukuta wa klabu ya gofu pale Kakamega, wewe ulikuwa unaona nini miaka yote ile?

Ilikuwa miaka ya tisini, Nekesa bado ananyonya, ulipoleta fimbo zako za gofu kutoka Lumakanda zikiwa ndani ya gunia la mahindi. Ulisema magoti yamechoka, na mwanao, mume wangu, hana subira ya kupiga mpira kisha aufuate kwa miguu. "Mama Nekesa, wewe ndio utacheza," ukasema. Nilidhani unatania.

Asubuhi nikiwa peke yangu, mpira ulinitii. Wakitokea watu wawili tu kando, hofu ilinishika, nikawa napiga nyasi. Nilishangaa hofu ile inatoka wapi, maana huko Bukura nilikofundisha nilisimama mbele ya darasa zima bila wasiwasi.

Ikafika Jumamosi ya kupimwa sisi wanagenzi. Aliyeshindwa kupiga mbele ya nahodha wa klabu alikuwa anafungiwa uwanja hadi mwaka mwingine. Nikatupa jicho barazani, nikakuona umeketi na kikombe cha chai, umefunga tai.

Anayeanza mchezo pale huinama akiwapa mgongo walio barazani. Na kwetu mkamwana hainami akampa baba mkwe mgongo, hata akiwa anafagia. Basi nikazunguka upande wa pili wa mpira, nikawaelekea ninyi, nikainua fimbo. Nahodha akaniambia kwa upole, "Mama, huko unalenga gari yangu."

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Nilitamani ardhi inimeze. Wewe hukucheka. Uliinuka, ukageuza kiti chako, ukaketi ukitazama ukuta.

"Piga, mwanangu. Mimi nitasikia tu."

Nikarudi upande unaofaa. Hofu ilikuwa bado ipo, nikapiga hivyo hivyo. Mpira ukaenda, si mbali, lakini ulinyooka.

"Imeenda?" ukauliza, uso ukiwa ukutani.

"Imeenda, Baba."

"Nimesikia. Lakini unainuanga kichwa mapema."

Ilikuwa kweli, niliinua kichwa. Ulijuaje? Ni mlio wa fimbo, au ni pumzi yangu? Nimejaribu kufumba macho wenzangu wakipiga, nisikie ulichokuwa ukisikia wewe. Mimi nasikia tu kishindo, kisha ndege.

Kila Jumamosi ulikuja, ukageuza kiti, na tukirudi nyumbani ukanieleza makosa yangu moja baada ya jingine huku ukila ingokho, kuku wa kwetu. Wahudumu walikuzoea, wakawa wanakuwekea kiti kikiwa tayari kimegeuzwa.

Hofu bado huja ninaposimama pale pa kuanzia. Nimeizoea, naiacha ije, nami napiga. Ninachowaza siku hizi ni kingine. Ulinipa fimbo, ukanisahihisha hadi ulipougua, na hukuwahi kuniona nikipiga mpira hata mmoja. Hukutamani kuona? Mimi nilitamani sana, Baba. Nilitamani ugeuke mara moja tu, na nikaona haya kukuambia.

Pumzika vyema.

Mkamwana wako,
Mama Nekesa