Saa Tatu Nje ya Mkeka

Kampemba, Lubumbashi
Jumapili, tarehe 21 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Émile,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na nyumba yako. U hali gani? Simu ilipokatika mara ya mwisho, ulikuwa hujanijibu kama mkeo Exaucée amepata dawa zake za presha. Nijibu hilo kwanza, kabla ya mengine yote.

Sisi huku tu hai. Nimechoka, Émile, lakini ni hai. Umeme tunaupata siku mbili kwa wiki, na kila mara anafika mtu mwingine kutoka kwenu akiwa na begi moja mkononi, nasi tunasogeza magodoro. Barua hii ataileta mama mmoja mfanyabiashara anayepitia Zambia na Tanzania. Akifika salama, mpe chakula, kwa maana njia ni ndefu.

Nakushukuru kwa kumzika dada yetu Masika. Najua mlizika haraka kwa sababu ya hali ya mji, na kwamba wengi waliotaka kuja hawakuthubutu kutoka majumbani. Mimi, niliyelala naye kitanda kimoja utotoni, sikuliona hata kaburi lake. Tulimlilia huku, bila mwili, siku saba, mkekani.

Nakuandikia kuhusu mkeka huo. Najua habari imekwisha kukufikia kwa midomo ya wengine. Sasa isikie kwangu.

Tangu binti yako Kasoki aje kwangu mwezi wa pili, baada ya mji wenu kuanguka mikononi mwa waasi, nilikuambia tu kwamba anasoma. Sikukuambia anasoma nini, kwa sababu niliona haya. Anasomea ukufunzi wa mazoezi ya mwili: kazi ya kumsimamia mtu mmoja mmoja, mzima au aliyetoka kuugua, ili apate nguvu. Nilimwambia kwamba nimefundisha miaka thelathini na minne na sijapata kuona shule ya kuchuchumaa. Aliweka daftari lake mezani, nikasoma: mifupa, misuli, viungo, mapigo ya moyo, mambo yasiyopaswa kufanywa na mwenye kisukari. Nilisahihisha makosa yake ya uandishi, nikamrudishia.

Chuo chao kina sharti moja. Kila mwanafunzi humchukua mtu asiye mwanamichezo, humfanyisha mazoezi si chini ya wiki kumi, huandika vipimo vyake vyote, kisha humleta mbele ya watahini. Watahini hao hutoka Kinshasa mara moja kwa mwaka, na mwaka huu hakuna aliyeweza kutuahidi kwamba watarudi mwakani. Bila mtu wa kumleta, hakuna hati. Na bila hati, Kasoki angebaki mkimbizi anayelala sebuleni kwa shangazi yake.

Alimchukua jirani yetu, Mama Bwalya, anayeuza samaki wakavu wa Pweto. Wiki ya nane mama yule alikuwa amepungua kilo kumi na moja. Kasoki alifurahi, nami nilifurahi. Hapo ndipo nilipokosa. Nimeishi mji huu tangu niolewe, na ninajua, kama kila mtu hapa anavyojua, kwamba mke akikonda watu husema mambo mawili tu: ama ni mgonjwa, ama mumewe hamlishi. Ilinipasa kumwambia Kasoki aende kwanza kumweleza mume na mama mkwe. Sikumwambia. Nilikuwa nikisahihisha nukta na mikato.

Siku moja Mama Bwalya alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

“Kasoki, miye naacha,” alisema. “Ku soko banasema niko na bugonjwa. Bwana yangu banamucheka, asema namutia haya. Mama yake alikuja jana na sufuria ya bukari, akanikalia mbele mupaka nikamaliza yote.”

“Lakini mama, unajisikia vizuri?”

“Najisikia muzuri sana. Lakini bukari ya leo nayo inaningoja.”

Nilicheka kidogo kwa kuiwaza sufuria ile ya ugali, kisha nikamwona Kasoki amegeukia ukuta.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa sita, na wiki kumi bado zingetosha kabla ya mtihani. Nikamwambia anichukue mimi. Alinitazama kana kwamba nimesema kwa Kigiriki. Nina miaka sitini na tisa, na magoti yangu unayajua.

Sikuvaa suruali. Nilifanya yote nimejifunga kikwembe kiunoni, uani, mbele ya kuku. Kipimo chake kikubwa kilikuwa kuinuka kitini kwa nusu dakika, mikono imekunjwa kifuani. Siku ya kwanza niliinuka mara tano na kuona nyota. Mama Nkandu wa nyumba ya pili alikuwa akichungulia juu ya ukuta: “Mwalimu, bakuitisha ku jeshi?” Nilimwambia kwamba wakiniita, nitaomba wamchukue yeye kwanza. Mwisho wa Agosti nilifika mara kumi na mbili, na niliweza kukaa chini na kuinuka bila kushikwa mkono.

Kisha, Jumatatu tarehe nane, simu yako ya msiba wa Masika ikaja. Mtihani ulikuwa Alhamisi.

Unajua desturi yetu. Dada wa marehemu haondoki mkekani mpaka siku zimalizike. Jumatano jioni Mzee Paulin, anayeongoza chama chetu cha watu wa Kivu hapa mjini, alisikia fununu, akaja kuketi karibu nami.

“Mama Mwalimu, utaenda kuruka-ruka, na udongo wa dada yako hata haujakauka?”

Kasoki alijibu kabla yangu. “Hapana, baba. Haendi. Mtihani nimeuacha.”

Usiku huo sikulala. Alfajiri niliwasikia wanawake wakiimba, nikaondoka kupitia mlango wa nyuma, katika nguo zangu nyeusi, nikamkuta Kasoki akiosha vikombe vya waombolezaji. Nikamwambia achukue daftari lake. Alilia, akakataa. Sikumbembeleza. Nilimwamuru.

Kabla ya kuniruhusu kupanda gari alinishika mkono akahesabu mapigo ya moyo, akaniuliza nimekula nini tangu jana. Nilisema uongo, naye alijua.

Watahini walikuwa watatu. Wakaniwekea kiti, nikaanza. Nilifika mara saba, nane. Nilitaka kumi na mbili, Émile. Nilizitaka kwa hasira, kama mtu anayedai chake. Nilipofika tisa, Kasoki alisema, “Inatosha, shangazi. Keti.” Nikaendelea kujiinua. Akaweka mkono begani kwangu: “Nimesema keti.”

Tangu mama yetu afariki hakuna aliyeniambia hivyo. Niliketi. Nikadhani nimemharibia kila kitu.

Mtahini mmoja alimuuliza kwa nini amemkatiza mtu wake kabla ya nusu dakika kuisha. Alisema, “Kwa sababu amefiwa na dada yake, hajalala siku tatu, hajala, na midomo yake imebadilika rangi. Kumi na mbili ni za mwezi uliopita. Leo kazi yangu ni kumrudisha nyumbani.”

Waliandika kwa muda mrefu. Jumanne iliyopita jina lake lilibandikwa ukutani, la pili kati ya kumi na tisa waliofaulu. Jumba moja la mazoezi katikati ya mji limekwisha kumwita kazini.

Nilikuwa nje ya mkeka kwa muda wa saa tatu tu. Sasa wazee wanasema Kasoki alimwondoa shangazi yake kwenye kilio kwa ajili ya mchezo, na Mzee Paulin anataka asikae tena chini ya paa langu. Wanasubiri neno lako, kwa kuwa wewe ndiye baba yake na ndiwe uliyemzika Masika. Mimi sijui kama nilitenda sawa mbele ya dada yetu. Nimelifikiria hata nimechoka kulifikiria. Lakini waandikie kwamba niliyeondoka ni mimi, kwa miguu yangu, na kwamba aliyenirudisha ni mtoto wako.

Nisalimie Exaucée, na wanao Dan na Yannick. Waambie wasitoke nje ovyo. Mungu awafunike mchana na usiku, na aifungue barabara ili siku moja unionyeshe kaburi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukemea,

Bénédicte