Ng'ombe wa Mzee Masanja, Ukurasa wa Arobaini na Moja

Ifakara,
Jumapili mchana.

Dada yangu mpenzi Nakiete,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kile kifua kimekuachia, na shemeji amemaliza kuchuma kahawa. Watoto je? Yule wa mwisho bado anakataa kuvaa viatu? Mimi ni mzima, ila mimi na joto la huku hatujazoeana hata sasa, na huu ni mwaka wa pili tangu chuo kikuu kinilete kufuatilia jinsi hisabati inavyofundishwa katika shule za bonde hili.

Dada, kitabu kimetoka! Hisabati, darasa la sita. Jina langu liko juu ya jalada kwa herufi kubwa. Nililikagua herufi moja moja, maana mkuu wangu wa idara alikaa na mswada miezi minne na sikumwamini hata kidogo. Najua utasema, "Nanzia, wewe unamshuku kila mtu." Basi sikiliza yaliyonipata, halafu useme.

Siku hizi kampuni binafsi zimeruhusiwa kuchapa vitabu vya shule, na mwandishi naye anageuka mchuuzi. Wachapishaji walimtuma wakala wao, mwanamume mwenye maneno matamu, tukawa tunazunguka naye shuleni. Shule ya Mchombe walitupokea vizuri, walimu wakafurahi kuona maswali yanayotaja mpunga na samaki wao. Ndivyo nilivyokusudia. Mwaka jana nilizunguka vijijini na futi na daftari, nikipima majaruba ya mpunga na kuuliza watu habari zao, ili watoto wa huku wajikute kwenye kitabu.

Kisha shule ya kijiji cha Mofu wakanirudishia vitabu. Vyote, vimefungwa kwa kamba ya katani, na barua fupi ya mwalimu mkuu, Mwalimu Osmunda: "Kitabu chako kimeleta maneno hapa. Njoo mwenyewe." Nilijua moja kwa moja kwamba ameshachukua kitabu cha mtu mwingine. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akimwangalia wakala wangu, nikajiambia huyu mama kuna mtu amemwahi.

Nilipanda lori la mpunga, nikamalizia kwa baiskeli ya kukodi. Kijijini watu walinyamaza nilipopita. Mama mmoja aliyekuwa anaanua mpunga aliitikia salamu yangu bila kuinua uso. Dada, nikaogopa.

Ofisini nilimkuta Mwalimu Osmunda na wanaume wawili. Mmoja nilimfahamu, Mzee Masanja, mfugaji Msukuma aliyehamia huku na mifugo yake miaka kadhaa iliyopita. Wa pili alikuwa shemeji yake, Maganga, kaka wa mkewe, amekuja kutoka kwao Shinyanga. Kitabu changu kilikuwa magotini pake. Nje ya dirisha, mtendaji wa kijiji amekaa kwenye benchi, anachonga kijiti ambacho hakikuhitaji kuchongwa.

"Mwalimu," Maganga akasema, "soma hapa."

Ukurasa wa arobaini na moja. Nikasoma: "Mzee Masanja wa Mofu ana ng'ombe 148. Robo yao wana ndama. Je, ng'ombe wangapi hawana ndama?"

"Mpwa wangu Kabula alikuwa anasoma kwa sauti nyumbani," akasema. "Nikamwambia arudie. Akarudia mara tatu. Sisi kina kaka wa mkewe tulimkabidhi huyu ng'ombe wetu awachunge huku kwenye majani. Ukijumlisha wetu na wake, haiwezi kuwa mia moja arobaini na nane tu. Wetu wako wapi?"

Mzee Masanja alikuwa anatazama dirishani, kule kwa mtendaji.

"Kama amewauza," Maganga akaendelea, "tunaondoka na waliobaki, na dada yetu tunaondoka naye."

Ndipo nikaelewa. Mwaka jana nilimuuliza Mzee Masanja pale zizini kwake kama naweza kutumia jina lake. Akakubali. Nikauliza idadi, akaitaja haraka, bila hata kugeuka kuwatazama ng'ombe. Mimi, na usomi wangu wote, nikaandika! Sikujiuliza ni mfugaji gani anayemtajia mgeni mwenye daftari idadi ya kweli, wakati ushuru wa mifugo unakwenda kwa kichwa, na mkusanyaji ni mtendaji. Alinipunja idadi. Sasa akisema ukweli, mtendaji anasikia. Akinyamaza, ni mwizi wa ng'ombe wa wakwe zake.

Au pengine kweli amewauza. Hilo nalo lilinipitia, siwezi kukuficha.

"Alikuambia yeye, au ulibuni?" Maganga akaniuliza.

Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya kiganja changu.

"Nilibuni," nikasema.

"Daftari ulilokuwa unaandikia liko wapi?"

"Limebaki Ifakara."

Dada, tangu marehemu mama anichape kwa kusema uongo juu ya ile sukari, sikumbuki kudanganya mtu usoni namna ile. Maganga akakifunga kitabu.

"Kwa hiyo kitabu hiki cha uongo?"

"Hesabu ni za kweli, mzee. Idadi ndiyo ya kubuni."

Mwalimu Osmunda, niliyekuwa nimeshamhukumu njiani, ndiye aliyeniokoa. Akainuka: "Mzee Maganga, ng'ombe hawako kwenye karatasi. Nenda zizini na shemeji yako mkahesabu, ninyi wawili tu." Kisha akatoka nje akamwambia mtendaji aje aone ufa kwenye ukuta wa darasa la nne. Alimzungusha huko mpaka wanaume wale walipotoweka.

Walirudi jua limeanza kupungua. Hakuna aliyetaja idadi. Maganga alinirudishia kitabu kwa mikono miwili, akamwambia Masanja, "Shemeji, tukale." Basi, yakaisha. Yao, siyo yangu.

Maana mtendaji alisikia neno "kubuni", na neno hilo lilifika Ifakara kabla yangu. Kwenye mkutano wa walimu wakuu, mmoja akasimama: "Tunasikia mwandishi mwenyewe amekiri kwamba takwimu zake ni za kutunga. Majibu ya nyuma nayo ameyatunga?" Wakacheka. Nilitaka kueleza, nikakumbuka kwamba kila maelezo yangemrudisha Masanja kwa mtendaji. Nikakaa chini. Shule nyingi zilisema zitafikiria. Wakala hajaongea nami tangu siku hiyo, na nina hakika anawaandikia wachapishaji jambo. Mofu tu ndio waliochukua tena vitabu vyao vyote.

Nimewaandikia wachapishaji kwamba wakichapa tena waondoe majina ya watu wote wa kweli. Hawajajibu.

Juzi Mzee Masanja alikuja mnadani, akapita kwangu na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alikaa, akaulizia afya yangu, akaniambia Kabula anaongoza darasani kwa hesabu. Hakusema asante. Alipoinuka kuondoka nikashindwa kujizuia.

"Mzee, sasa tuko wawili tu. Ni wangapi hasa?"

Akaangalia mlango, akaangalia meza yangu yenye kalamu.

"Mwalimu," akasema, "kumbe unataka kuandika kitabu cha darasa la saba?"

Akaenda zake. Mpaka leo sijui, dada.

Nisalimie sana shemeji, na shangazi anayelala chumba changu, mwambie asinihamishie vitabu vyangu. Mwalimu mstaafu jirani yetu mpe nakala ninayoituma, lakini asianze kutafuta makosa kabla hajanywa chai. Wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka,
Nanzia