Swichi Yenye Kofia ya Ngozi

Élisabethville, Jumanne jioni. Mvua imekatika, barabara bado ni tope jekundu. Nimeketi mlangoni pa nyumba yangu.

Kazi yangu ni kuongea kwa redio na boti za Kasenga, bandari ya mtoni. Mashine ina swichi mbili, zinakaa bega kwa bega, zinafanana kama mapacha. Moja ni ya kubadili kati ya kusikiliza na kusema, nyingine inazima kila kitu. Mkono wa kulia unaandika, wa kushoto unapapasa. Wiki iliyopita nilizima mashine mara mbili katikati ya maneno. Ikizimika, inataka dakika nzima kupata moto tena. Chef, Mbelgiji mkubwa wa ofisi yetu, alisema kosa la tatu litakuwa la mwisho.

Jumapili nilimweleza mke wangu, Béatrice. Nikalaumu mkono wangu, kwamba umekuwa mjinga. Yeye ni mshonaji; hakuinua hata uso kwenye cherehani.

"Sasa mukono iko na macho?"

Kisha akakata ngozi ya kiatu kikuukuu, akashona kikofia cha kuvika swichi ya kuzima. Jana niliivisha kwa siri, maana kugusa mashine bila ruhusa ni kosa pia.

Leo mchana, mvua ikipiga bati, Kasenga waliita. Mama mmoja amejifungulia botini, damu haikomi. Chef akamleta daktari, naye daktari akasimama nyuma yangu kunipa maneno ya kusema. Niliinama nikiandika, mkono wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye swichi.

Ukagusa ngozi.

Ukaruka kama umegusa kaa la moto, ukaipata swichi ya pili. Mimi sikuwa nimefikiri lolote. Mkono ulijua kabla yangu.

Baadaye Kasenga walisema damu imekoma, mama na mtoto ni wazima. Chef akaiona ngozi. Akafumba macho, akapapasa swichi zote mbili polepole, mara tatu. Akauliza ni nani aliyefanya. Nikasema ni mke wangu. Akaomba nyingine kwa mashine ya pili.

Kitabu cha mashine nimekisoma chote. Béatrice hajawahi hata kuiona. Mpaka sasa nashangaa.

Lakini kuna jambo linaniuma. Kabla yangu, kiti kile kilikuwa cha Alphonse. Alifukuzwa kwa kosa hilihili, na sote ofisini tukasema ni mzembe. Mimi nilisema kuliko wote, kwa sababu nilikitaka kiti chake.

Kesho nikitoka kazini nitapita kwake. Sijui nitaanza na neno gani.