Vidole Viwili vya Mshika Kamba

Jumatatu, 4 Agosti. Nyumbani, kijijini Tulia

Nimeosha kamba. Nimezianika uani na kuzipapasa zote, ncha hadi ncha, kutafuta palipochubuka. Hufanya hivi kila baada ya kazi. Leo nimepapasa kwa mkono wa kushoto.

Tulikuwa Migwani, mti wa mukima nyuma ya duka la mtu. Muthama juu na msumeno wa petroli, mimi chini na kamba. Muthama ni mume wa binti yangu Mwikali. Mwaka wa sita huu yeye anapanda, mimi nashika. Mti ulio katikati ya nyumba hauangushwi ukalala. Unateremshwa vipande vipande. Muthama anafunga puli chini kidogo ya pale anapokata, kamba inapita kwa puli, inashuka kwangu, na mimi nimeizungusha mara mbili kwenye shina. Kipande kikikatika, naachia kamba polepole mpaka kiguse udongo.

Tawi la nne lilinitoroka. Kamba ilipita kiganjani na sikuisikia. Futi tatu, kisha nikaikamata. Tawi lilisimama juu kidogo tu ya mabati ya duka. Nikasema kamba ina umande. Saa sita mchana, jua kali! Umande gani huo.

Muthama alitazama chini.

Jumanne, 5 Agosti

Kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia. Vimelala. Haviumi, na afadhali vingeuma. Asubuhi kikombe kimeniponyoka, mke wangu Kalunde akasema nazeeka. Nikacheka kicheko cha mtoto aliyevunja chungu cha mama yake.

Muthama hataniuliza. Hawezi. Mimi ni baba mkwe, na kwetu Ukambani kuna nthoni, ile heshima ya wakwe. Mkwe hakosolewi. Hashikwishikwi. Akiteleza, unatazama kando mpaka asimame mwenyewe. Nilipokuwa kijana niliona nthoni kuwa mzigo. Siku hizi nimejificha nyuma yake kama mwizi nyuma ya ghala.

Alhamisi, 7 Agosti. Mbumbuni

Tumekuja huku Makueni kuona kazi. Mkaratusi. Nimeona miti mikubwa, lakini huu nilipoutazama kofia ilianguka. Upande mmoja nyumba ya Syombua, mama mjane, hatua nne tu. Upande wa pili ukuta wa kanisa. Nyuma kuna tangi la maji na waya wa stima. Mizizi imeanza kuinua sakafu ya nyumba, na kilele chote kimeinamia mabati yake.

Syombua anataka magogo ya futi nane, apasue mbao. Futi nane za mkaratusi mbichi, zikining'inia juu ya nyumba ya mtu, chini ya miguu ya mume wa binti yangu, na breki ni mkono huu.

Nilikubali kwa sauti kubwa. Tunaanza Jumatatu.

Naogopa.

Jumamosi, 9 Agosti. Tulia

Nimeenda kliniki peke yangu. Nimemwambia Kalunde naenda kutafuta mafuta ya msumeno. Daktari kijana, mpole. Aligonga kifundo cha mkono, akasema mshipa wa fahamu umebanwa. Nisishike kitu kwa nguvu kwa miezi kadhaa. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema mkulima.

Karatasi nimeikunja ndani ya daftari hili.

Mbona sisemi? Nimejiuliza njia nzima. Kwa sababu nikiacha kamba mimi ni nani? Mzee wa kusalimia watu sokoni. Nimeshika kamba tangu kabla Mwikali hajazaliwa na sijawahi kumwangusha mtu. Ni hilo tu nililo nalo la kujivunia. Mficha maradhi kilio humuumbua, tunaambiwa. Lakini hapa kilio hakitakuwa changu. Kitakuwa cha binti yangu.

Nimeandika hilo na bado Jumatatu nitaenda. Mjinga.

Jumatatu, 11 Agosti. Mbumbuni

Siku ya kwanza. Baridi, ukungu mpaka saa nne. Nimeshukuru baridi, maana kila mtu anasugua vidole.

Matawi madogo yameshuka vizuri. Kisha nimefanya upumbavu, nauandika wote.

Niliongeza mzunguko wa tatu kwenye shina, mti usaidie kushika kile ambacho mkono hauwezi. Najua hatari yake. Nimewafundisha watu hatari yake! Mizunguko ikipungua, kipande kinakwenda na paa la mtu. Ikizidi, kamba haikimbii kabisa, kipande kinasimama ghafla hewani na mti wote unatikisika, pamoja na aliye juu. Lazima kamba ikimbie kidogo, kisha ishikwe taratibu. Hilo ni la kiganja. Hakuna hesabu yake.

Tawi kubwa la upande wa kanisa lilianguka, likafika mwisho wa kamba, likasimama pwaa! Mti ulikwenda huku na huku. Muthama aliukumbatia kama kupe. Msumeno ulimtoka mkononi ukaning'inia kwa kamba yake, bado unanguruma, karibu na goti lake. Nilisikia sauti nikadhani ni yake. Ilikuwa yangu.

Alipotulia alisema, "Niko sawa, Baba." Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza kwanza.



Jumanne, 12 Agosti

Leo nimerudi kwenye mizunguko miwili. Kila kipande cha matawi manene kimeshuka salama. Mpaka saa nane nilikuwa nimeanza kupiga mluzi. Nikajiambia vidole vinaamka.

Kisha Syombua akatoka na futi ya fundi cherehani. Mama huyo hana haraka na hana woga. Akapima magogo yote, akanijia.

"Mzee, hizi ni nini? Mimi nilisema futi nane. Hii ni nne, hii ni tatu na nusu. Hizi ni mbao ama ni kuni?"

Nikamwambia nitaangalia. Nikaenda kupima mwenyewe. Ni kweli. La kwanza asubuhi futi tano. Halafu nne. Halafu tatu na nusu. Kila ninapoponyokwa kidogo, linalofuata ni fupi zaidi.

Nimekaa juu ya gogo.

Muthama anajua. Alijua tangu Migwani. Hawezi kuniambia mkono wako umekufa, kwa hiyo anakata vipande ambavyo mkono uliokufa unaweza kushika. Mahali pa kukata mara moja anakata mara mbili. Saa mbili zaidi juu, msumeno ukiwa begani, mguu kwenye chuma cha kupandia, akifunga na kufungua puli kila mara. Nimemwona leo akishuka, akikosa kukanyaga, akijishika. Nilidhani ni uvivu. Nilimcheka!

Heshima yake itamuua kabla ya kamba yangu.

Jumatano, 13 Agosti

Upepo. Hakuna anayepanda mkaratusi siku ya upepo. Tumeshinda kwenye hoteli ndogo ya sokoni, meza moja, wakwe wawili.

Alinipakulia mimi kwanza. Alichukua kikombe chake cha chai. Akakishika kwa mikono miwili. Mikono imechoka kwa zile saa za ziada. Mimi nami nilikuwa nimeuficha wangu chini ya meza.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza nikaomba chumvi. Mara ya pili nikasema upepo utapungua. Mara ya tatu nikaomba chumvi tena, nayo iko mbele yangu.

Kesho ni kilele, kile kilichoinamia nyumba. Hapo hapana kukata kifupi. Kimeegemea vibaya, lazima kitoke chote kwa mara moja ama kitamrudia yeye. Nimekiangalia kutoka kila upande. Anajua pia. Amekula nusu tu ya sahani.

Naogopa. Namwogopa zaidi Mwikali. Nikifika kwake bila mumewe nitasema nini? Kwamba niliona haya?

Alhamisi, 14 Agosti

Upepo umetulia. Muthama alipanda saa tatu. Watu wa kanisa wamekuja kutazama, watu sita, na Syombua amewaondoa kuku njiani. Puli imefungwa. Mkato wa kwanza, ule wa kuelekeza kilele, ameumaliza.

Sisi hatukati mpaka aliye chini ajibu. Ndiyo sheria yetu, niliiweka mimi. Anaita tayari, naitika tayari, basi.

Akaita, "Tayari, Baba?"

Nilikuwa nimeshika kamba kwa nguvu zote. Nikatazama mkono nione kama ni kweli nimeshika, maana kwa kusikia tu sikujua. Sikuitika.

Akaita mara ya pili. Watu wakanigeukia. Neno moja tu lilitakiwa, na nimelisema maelfu ya siku.

Nikasema, "Shuka."

Akadhani hakusikia vizuri. Nikapaza, "Shuka, Muthama! Nimesema shuka!" Sauti ilivunjika mbele ya wote.

Alishuka polepole. Nikamwambia hapo hapo, watu wakiwa wanasikiliza, kwamba vidole viwili vimekufa, kwamba nimeambiwa na daktari nisishike, kwamba nilidanganya juu ya umande. Nilisema yote kwa haraka nisipate nafasi ya kuomba chumvi.

Alitazama chini. Akasema, "Nilijua, Baba. Lakini ningekuambia aje?"

"Ungekufa."

"Eeh. Ningekufa."

Kisha alifanya jambo ambalo sijawahi kuliona. Alivua glavu, akauchukua mkono wangu, mkono wa mkwe wake, mbele ya watu. Akabonyeza kidole kimoja kimoja kama anayechagua nyanya. "Hii unasikia?" Nasikia. "Hii?" Hapana. "Na hii?" Hapana. Mzee mmoja wa kanisa aligeuka akatazama ukuta.

Nililia. Ndiyo, nililia.

Tumekaza kilele kwa kamba nyingine mbili ili upepo usimalizie mkato ule, tukamhamisha Syombua na kuku wake kwa jirani. Jioni Muthama amesema atanipa mbuzi wa faini kwa kunishika bila adabu. Nikamwambia awe mnene.

Ijumaa, 15 Agosti

Tumetafuta mkono. Syombua ndiye aliyemjua mtu: Wambua, huwashusha wachimba visima. Kazi yake miaka yote ni kuteremsha watu kwenye shimo kwa kamba na kuwatoa wakiwa hai. Viganja kama soli ya kiatu. Haongei.

Nimemfundisha kutwa nzima kwa magogo yaliyo chini, tukiyapandisha na kuyaachia. Mizunguko miwili. Iache ikimbie, kisha ishike. Amelisikia mara ya kwanza. Mimi lilinichukua msimu mzima. Nimeona wivu. Wivu mkali, wa kitoto.

Jumamosi, 16 Agosti

Muthama juu, Wambua kwenye kamba. Mimi nyuma ya Wambua hatua tatu. Muthama ameniomba nisikaribie zaidi. Ameniomba kwa adabu, lakini ameniomba, na mimi nimetii.

Sikuwa na kitu mikononi. Sijui niseme aje. Ukiwa umeshika kamba, woga una mahali pa kukaa. Leo ulizunguka mwili mzima ukikosa kiti.

Wambua aliitika tayari. Msumeno uliingia. Kilele kikalia, kikainama, kikaondoka. Kamba ikakimbia, moja, mbili, Wambua akaketi nayo nyuma, na mzigo wote ukapunguza mwendo kama ng'ombe anayefika mtoni. Ukapita mabati ya Syombua bila kuyagusa. Mti uliyumba kidogo tu. Muthama juu, mzima.

Nilijikojolea kidogo. Naliandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Magogo yaliyofuata yalikuwa ya futi nane. Syombua alipima kila moja.

Jumanne, 26 Agosti. Tulia

Mkono umefungwa gango, usikunjike. Muthama na Wambua wako Migwani tangu alfajiri, mkaratusi mwingine, kando ya kinu cha unga.

Nimekaa uani na Kalunde tukipukuchua mbaazi. Mkono wa kushoto, punje tatu mahali pa kumi zake. Kila mara nasimama kupukuchua, nasikiliza. Kutoka hapa huwezi kusikia msumeno wa Migwani. Najua. Nasikiliza tu.

Kalunde akauliza nina nini. Nikamwambia naogopa. Tangu nimwoe sijawahi kumwambia hivyo. Nikamweleza kwamba kukaa bila kujua ni kubaya kuliko kushika, kwamba saa haziendi, kwamba kila simu inayolia kwa jirani inanichoma moyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba yeye amekaa hapa hapa, kwa stuli hii, kila siku niliyoenda kazini, tangu mwaka wa kwanza.

Sikujua. Sikuwahi hata kuuliza.

Akasogeza ungo ukawa katikati yetu, tukaendelea na mbaazi.