Namba za Flavian

Katandala,
Sumbawanga.
14 Juni 2024

Mpendwa Kaka Urbano,

Shikamoo. U hali gani huko Mtwara, na wifi na watoto wanaendeleaje? Sisi hatujambo, ila upepo wa Juni unatuonea. Mama sasa anakula vizuri. Ulezi wa Mwimbi tumeshavuna, na safari hii umekubali.

Uliniomba nikutumie namba ya wepesi aliyokiwekea kipanya cha kompyuta marehemu kaka yetu Flavian kwenye ile gemu ya bunduki mliyokuwa mkicheza wote, ili nawe ucheze kwa wepesi ule ule. Nimechelewa kukujibu kwa sababu niliogopa kuingia chumbani kwake.

Tulipoanua matanga nguo zake ziligawiwa, baiskeli akapewa baba mdogo Isdori, lakini kompyuta hakuna aliyeitaka. Mchana mmoja niliiwasha, gemu yake ikafunguka, nikatoka; lori likapita barabarani, na Mama akaona picha kwenye kioo inageuka taratibu bila mtu kushika kitu. Akasema, "Mwanangu bado anatutafuta." Tangu siku hiyo hapiti karibu na mlango ule. Nami nikisikia kiti chake kinalia kwa upepo, nywele zilikuwa zikinisimama.

Jumapili baada ya misa nikajikaza. Niligusa kipanya kwa kidole kimoja tu, dunia yote ya gemu ikazunguka mara mbili. Namba ilikuwa 9. Hapo nikaelewa habari ya lori: kipanya kilikuwa chepesi mno, meza ikitikisika kidogo tu, picha inageuka.

Kisha nikatazama orodha ukutani. Ni namba za mwaka jana, mwezi kwa mwezi: Januari namba 1, Machi namba 2, Juni namba 4, Agosti namba 6, Oktoba namba 9. Mwandiko ni wangu. Kila alipoongeza namba aliniita niandike, nami nikampigia makofi kwamba anazidi kuwa hodari. Wewe ukimtania kwenye simu kwamba anageuka kama panzi. Mara ya mwisho aliniambia, "Andika, Berti. Namba ndogo zinachosha."

Alikuwa hawezi tena kusogeza mkono, kaka. Ugonjwa ulikuwa unamla bega mbele ya macho yetu, na sisi tunashangilia. Hospitali tulimpeleka Novemba. Jambo hili linanitesa, sitakuficha.

Kwa hiyo 9 usiitumie. Nimerudisha 1, ile ya Januari, nikajaribu kugeuka nyuma ndani ya gemu. Mkono wangu ulivuka meza nzima, ukakomea pale kitambaa cha plastiki kilipochubuka kwa mkono wake. Nililia sana.

Malori yamepita tangu hapo, na picha haitikisiki tena. Mama sijamwambia. Naona kama nimemfukuza Flavian kwa mkono wangu mwenyewe.

Wasalimie wifi Dominika na watoto. Mama na baba mdogo Isdori wanakusalimu sana. Mungu akulinde, akutunzie mikono yako.

Na siku namba ndogo zikianza kukuchosha, kaka, usiongeze. Nipigie simu.

Mdogo wako anayekupenda,
Bertilla