Samli ya Adeer Yusuf

Mjukuu wangu Hodan, assalamu alaikum. Huku Garissa tuko salama, alhamdulillahi. Mvua imenyesha na mbuzi wa mama yako wamezaa.

Umeniuliza utamwambiaje shangazi yako aache kukusindikiza hadi lango la chuo kila asubuhi, bila kumvunja moyo.

Miaka ya tisini, tukiishi Wajir, nilikuwa na pikipiki kuukuu ya kupelekea wafugaji wa Eldas dawa za ngamia. Ikazuka shida: asubuhi nikibana klachi hairudi, mpaka jua lipande. Nilikaza, nikalegeza, nikaitukana. Siku moja, wafugaji wakinisubiri na ngamia wagonjwa, bibi yako aliinama akanusa waya wa klachi.

"Hii ni samli," akasema.

Adeer Yusuf, ndugu wa baba yangu, alikuwa ameutia samli waya ule, kama alivyozoea kupaka kamba na ndoo zake za ngozi. Baridi ya alfajiri ikawa inaigandisha. Nilitaka kwenda kumfokea. Bibi yako akanizuia. "Amekipa chuma chako kitu bora alicho nacho."

Tuliusafisha waya kwa petroli, tukautia oili, nikawahi Eldas. Niliporudi nikamwambia, "Adeer, pikipiki inakunywa oili. Samli tuletee sisi." Alicheka sana, na kesho yake akaja na kibuyu kizima.

Basi mwambie shangazi yako njia ya chuo umeshaijua, ila chai yake ya jioni akuwekee, utairudia mbio.

Awoowe wako,
Hassan