Bomba Jipya na Ng'ombe wa Mahari

Baba Kristina,

Uji umo chunguni, nimeufunika. Kunywa kwanza, ndipo usome.

Nimefuatana na mkwe wetu mzee Kefa na ndugu zake kuelekea Sepuka kuwatafuta ng'ombe. Ulipowafuata kwa gari uliwasukuma mbali zaidi. Ng'ombe hawarudishwi na kile kilichowatisha.

Ni kweli bomba la moshi la zamani lilioza kwa kutu, na hili ulilolitoa kwenye lori la jeshi limeliongezea gari nguvu. Lakini halina kizuia sauti. Wakwe wamefika mlangoni pa zizi, ng'ombe wa mahari mbele yao, nawe unasema, "Mkwe, hebu sikiliza!" kisha unaliwasha gari. Ng'ombe wametimka, hata ua wa jirani yetu Luciana wameuvunja.

Mzee Kefa hakukasirika; afadhali angekasirika. Alisema tu, "Ng'ombe wakikataa zizi, wana neno." Unawajua wazee wa kwao. Ng'ombe wasipoingia zizini leo kwa miguu yao, posa imevunjika.

~~Liuze gari hilo.~~ Lifungue hilo bomba, urudishe la zamani na matundu yake. Zizi liache wazi. Usiliwashe gari, hata kwa kujaribu.

Kristina yuko chumbani. Aliniuliza kama ng'ombe watarudi, nikamwambia sijui, maana sijui. Alitaka kuambiwa ndiyo. Wewe unaweza kusema maneno kama hayo. Anza na hilo, bomba baadaye.

Mama Kristina